Kwa Mguu hadi Irente: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Matembezi ya Nusu Siku Lushoto

Maswali haya yametoka kwa wageni wanaotupigia simu, wanaotusimamisha stendi, na wale wanaoyauliza wakiwa tayari wamekaa juu ya jiwe katikati ya njia, wanahema. Yameanza na ya kawaida, yakaishia kwa yale ya mara moja moja. Penye jibu lililokwisha kutolewa, utaelekezwa lilipo.

Mtaani mwongoza wageni anaitwa "gaidi". Tumeshazoea, hatushtuki. Humu tumeandika "mwongozaji" ili mama yako akisoma asipate wasiwasi.

## Mambo ya mwanzo

Matembezi yenyewe ni yapi?

Ni kutoka Lushoto mjini, kupitia Yoghoi, hadi ukingo wa jabali la Irente, kisha kurudi. Kwenda ni kama kilomita sita. Inaweza kuzidi au kupungua kidogo kutegemea vichochoro atakavyopita mwongozaji siku hiyo. Ukiweka na vituo vya kupumzika, kupiga soga na kula, jumla ni saa nne hadi tano. Ukitoka asubuhi, adhuhuri ikikaribia kupita umesharudi mjini.

Si kupanda mlima kwa maana ya Kilimanjaro. Hakuna kamba, hakuna hema, hakuna mpagazi. Unapanda, unashuka, unavuka bonde, unapanda tena, na sehemu kubwa ya njia ni ileile wanayopita watoto kwenda shule na kina mama kwenda sokoni.

Lushoto iko wapi, na nafikaje?

Ni wilaya ya Mkoa wa Tanga, juu ya milima ya Usambara Magharibi. Mji wenyewe uko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Ukitoka Tanga unapita Muheza, Segera na Korogwe hadi Mombo, pale barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha inapopita chini ya mlima. Mombo unaiacha lami kuu, unaanza kupanda kona kwa kona kupitia Soni. Kipande hicho ni kama kilomita 33, nacho ni lami. Ukiwa mtu wa kutapika garini, kaa mbele na uache kuchezea simu.

Mabasi ya moja kwa moja yapo kutoka Tanga na Dar es Salaam. Ukiyakosa, shuka Mombo utafute Hiace. Kuhusu kwenda na kurudi siku hiyohiyo, tazama swali la mwisho kabisa.

Kwani kutembea nako kunalipiwa?

Swali hili wazungu hawaulizi, Watanzania wote wanauliza, na ni swali la haki. Mtu aliyezaliwa Handeni akatembea kilomita kumi kwenda shule kila siku bila kulipwa, leo umwambie atoe hela atembezwe, lazima akuangalie mara mbili.

Njia ni ya umma, kutembea hakuuzwi. Unachomlipa mwongozaji ni kule kujua. Njia ya kwenda Irente inapita katikati ya mashamba ya watu, na mgeni asiyejua atakanyaga tuta la karoti akidhani ni ujia. Mwongozaji anajua kichochoro gani kimefungwa baada ya mvua, na mzee gani anapenda kusimama kuongea. Mbwa asiye na tabia njema anajua yuko nyumba ipi. Vilevile anakutafsiria. Huku juu wazee wanaanza na Kisambaa kwanza, Kiswahili baadaye.

Jambo lingine ni kwamba sehemu ya malipo kwenye utaratibu wa utalii wa utamaduni inaenda kwenye shughuli za kijiji. Una haki ya kuuliza ni kiasi gani na kinaenda wapi, na mwongozaji mzuri hakasiriki ukiuliza.

Bodaboda inafika hadi kule. Kwa nini nitembee?

Inafika kweli, na gari pia. Ukiwa na dharura, au goti bovu, panda bodaboda, utaona mandhari yaleyale ya ukingoni na utapiga picha ileile. Hatutakusema.

Unachokosa ni vile vitu vya kati. Mwezi wa sita mwaka mmoja nilikuwa na kijana kutoka Tanga mjini aliyelalamika tangu tunatoka stendi: mbali, vumbi, kwa nini tusingekodi. Tulipofika bondeni tukamkuta mama anaosha karoti kwenye mfereji. Ameweka gunia zima majini, ameingia nalo, analikanyaga kwa miguu kama mtu anayefua blanketi. Udongo mwekundu unatoka kwenye gunia kama chai ya rangi, unafuata maji, na karoti zinabaki ndani zinang'aa. Yule kijana alisimama pale dakika kumi na tano. Alikuwa amekula karoti za Lushoto maisha yake yote, Soko la Mgandini linajaa nazo, na hakuwahi kujiuliza nani anaziosha. Mama akampa mbili. Malalamiko yaliishia pale.

Kwa bodaboda, bonde lile unalipita kwa juu kwa dakika moja, na dereva hasimami.

Ni lazima niwe mtu wa mazoezi?

Hapana. Ukiweza kupanda ngazi za ghorofa tatu bila kusimama, utafika. Ukisimama mara mbili, utafika pia, ila umechelewa kidogo. Tuliwahi kumtembeza bibi mmoja wa Tanga mjini aliyekuja na wajukuu wanne. Alivaa baibui na raba nyeupe, mkononi ana bakora. Wajukuu walikimbia kilomita ya kwanza, ya pili wakanyamaza, ya tatu wakaanza kuuliza maji. Bibi hakubadili mwendo tangu nyumba ya wageni hadi ukingoni. Alipofika aliwaambia, "Mnakimbilia wapi, jabali lenyewe halina miguu."

Mwendo ni wa aliye nyuma kabisa. Hiyo ndiyo kanuni yetu, na mwongozaji anayewaacha watu nyuma mwambieni asimame.

## Kujiandaa

Msimu gani ni mzuri?

Juni hadi Septemba ndiyo kavu na njia ni ngumu chini ya mguu, lakini baridi ni baridi kweli. Usiku wa Juni na Julai huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na wageni wa pwani huchukulia hilo kama tusi. Januari na Februari nayo ni mizuri, na kuanzia Desemba kuna mapichesi na matunda damu barabarani, kwa ndoo. Masika, Machi hadi Mei, njia huteleza sana. Tunatembeza, lakini kwa ambaye ameshakubali kuanguka mara moja. Vuli inakuja na kuondoka, asubuhi mara nyingi inakuwa safi.

Tuanze saa ngapi?

Saa mbili asubuhi. Jabali linatazama nyika upande wa magharibi, kwa hiyo asubuhi jua linakuwa mgongoni kwako na linamulika kule chini, unaona vizuri. Wanaotaka kuona jua linazama huondoka saa tisa alasiri na kurudi gizani. Hapo tochi ni lazima, na kwa kurudi tunapendekeza gari.

Nivae nini?

Raba yenye meno chini inatosha, viatu vya mlima si lazima. Yeboyebo na makubazi yaache chumbani. Udongo wa Usambara ni mwekundu na ukilowa unakuwa kama sabuni. Vaa nguo za tabaka: fulana, shati, na koti jepesi juu, kwa sababu utatoka na baridi, utatoka jasho kwenye kilima cha kwanza, halafu upepo wa ukingoni utakukumbusha koti. Umesahau koti? Mitumba ya Lushoto ina makoti kuliko ya Tanga mjini, na sababu unaijua.

Huku ni vijijini na watu wana heshima zao. Kaptula ya magotini haina shida. Iliyo juu ya hapo, jifunge kanga au kikoi mkipita kwenye makazi.

Nibebe nini?

Maji lita moja na nusu kwa kila mtu, kofia, pesa ndogo ndogo za noti, na mfuko wa kurudishia takataka zako. Simu iliyochajiwa. Dawa zako kama unatumia. Basi. Kuna wageni wanaobeba begi kama wanahamia.

## Malipo na kuchagua mwongozaji

Bei ni kiasi gani?

Hatuandiki bei hapa kwa sababu ukurasa hukaa na bei hubadilika, halafu mgeni anakuja na simu mkononi kugomba. Omba mchanganuo kabla ya kuondoka: malipo ya mwongozaji, mchango wa kijiji, kiingilio cha pale ukingoni, na chakula kama mmekiagiza. Mkazi wa Tanzania na mgeni wa nje kwa kawaida hawalipi sawa, basi sema mapema wewe ni nani. Mkiwa kundi, kila mmoja hulipa pungufu. Wengi wetu tunapokea kwa simu, na ukitaka risiti, idai.

Nitamjuaje mwongozaji wa kweli na kishoka?

Muulize kitambulisho cha chama chake, kisha muulize ofisi yao iko wapi. Waongozaji wanaotambulika wana ofisi mjini, na mtu mwenye ofisi haoni taabu kukupeleka hapo mkaandikishane. Kishoka atakwambia ofisi imefungwa leo, au kwamba yeye ndiye ofisi.

Dalili nyingine: kishoka anataka pesa yote kwanza, pale pale stendi, mguu mmoja ukiwa bado ndani ya basi. Mwaka fulani mimi mwenyewe, nikiwa mgeni mji mwingine, nililipa hivyo, na yule kijana akaniambia nimsubiri akalete maji. Sijui maji yalikuwa yanatoka wapi, maana hadi magharibi hakuwa amerudi. Toa kiasi kidogo cha kuanzia, kingine mkirudi.

Bahshishi ni lazima?

Si lazima. Ukifurahi, toa unachoweza. Ukitaka kumpa mtoto aliyekuonyesha kinyonga, soma kwanza swali la wanyama.

## Njiani

Tutaona nini kabla ya kufika Irente?

Kwanza mji wenyewe. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao Wilhelm, na walikimbilia hapa kupumzika na joto la pwani. Baadhi ya majengo yao bado yamesimama.

Ukiacha nyumba za mjini unaingia mashambani. Kabichi, viazi mviringo, maharage, migomba, na miti ya kupandwa, hasa mikaratusi na migrivea. Angalia kingo za matuta: yale majani marefu mapana ni majani ya Guatemala. Yanashika udongo usiporomoke, na jioni yanakatwa kulisha ng'ombe aliyefungwa bandani. Ng'ombe huku hatoki, chakula kinamfuata. Utapishana na mtu amebeba mzigo wa majani kichwani hadi uso hauonekani, na wewe ndiye unayempisha, siyo yeye.

Matuta yenyewe yana historia chungu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo kule Mlalo, mwaka 1946, na baadaye Usambara pana, ukiwalazimisha watu kuchimba matuta kwa namna waliyoelekezwa. Watu waliuchukia vikali. Wakulima wa Usambara hawakuwa wageni na udongo wao. Walichokataa ni kuamrishwa na kutozwa faini shambani kwao. Leo wanakinga udongo wenyewe, bila bwana shamba kusimama na kitabu. Ukimpata mzee mwenye nafasi, muulize alichosikia kwa baba yake, kisha ukae chini, maana jibu halitakuwa fupi.

Kuna wanyama? Kuna nyoka?

Simba na tembo hakuna. Ndege ni wengi. Mbega weupe kwa weusi, wale wa mkia mrefu wenye manyoya, wako zaidi msitu wa Magamba kuliko njia hii. Nyoka wapo kama popote penye majani, ila wakisikia kishindo cha watu kumi wanaobishana kuhusu Simba na Yanga, wanaondoka. Siafu ndio wa kuangalia. Ukiona mstari mweusi unatembea njiani, ruka, usisimame juu yake kuuliza ni nini.

Kinyonga ni wengi na Usambara ina aina ambazo hazipatikani kwingine duniani, wakiwemo wenye pembe mbili puani. Hapa nina nongwa. Watoto wamejifunza kumkamata, kumweka juu ya kijiti na kumsubirisha juani siku nzima kwa ajili ya picha ya mgeni. Ukitoa mia tano, kesho watakamatwa watatu. Mwache mwongozaji akuonyeshe aliye mtini, wanaonekana ukishafundishwa jicho.

Pale ukingoni kuna nini hasa?

Unatembea kwenye miti na nyumba, kisha nchi inakatika. Kutoka jabalini hadi chini ni takribani mita 1,000. Upepo unapanda kutoka kule chini ukiwa na joto la nyika, na kipanga wanaelea chini ya miguu yako, jambo ambalo kwa mtu wa pwani ni geni kidogo: kumwona ndege mgongo.

Wageni wengi hupiga picha tatu na kuuliza chakula kiko wapi. Kaeni kidogo, kwa sababu mnachokitazama ni mpaka wa zamani. Wasambaa waliigawa dunia yao mara mbili: Shambaai, yaani huku juu, penye mvua, migomba na ubaridi, na nyika, kule chini penye ukame na homa. Mtu wa mlimani hakushuka kulala nyikani kwa hiari. Homa ilikuwa inamngoja. Ukisimama Irente mguu mmoja uko Shambaai, na hatua moja mbele, Mungu apishe mbali, ni nyika.

Kule chini ni Mazinde. Katika karne ya kumi na tisa mfalme wa Wasambaa, Kimweri ye Nyumbai, alitawala kutoka Vuga, mlimani, na utawala wake ulifika hadi pwani. Mwanawe Semboja yeye alikaa Mazinde, kando ya njia ya misafara, mahali bidhaa na bunduki zilikopita. Kimweri alipofariki mwaka 1862, haikuchukua muda nguvu ikahama kutoka kwa aliyekaa juu kwenda kwa aliyekaa karibu na biashara. Ukiwa juu ya jabali unaliona jambo hilo bila ramani: hiyo hapo njia, na huku juu hakuna msafara ungepanda.

Mistari iliyonyooka kama imechorwa kwa rula ni mkonge. Ulikuja Tanga kutoka Florida, Marekani, kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai mwaka 1893, ikapandwa Kikogwe, Pangani, na mashamba makubwa ya mkoa wetu yakaanzia hapo. Ule mstari mwembamba sambamba na barabara ni reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka huohuo 1893 na kufika Mombo mwaka 1905.

Mwombeni mwongozaji awape na simulizi la Mbegha, mwindaji kutoka Nguu aliyefukuzwa na ndugu zake kwa sababu alikuwa kigego, meno ya juu yalimtangulia. Alipanda milima hii akiua nguruwe pori waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, watu wakampenda, mwisho wakamfanya mtawala. Kila mwongozaji ana namna yake ya kulisimulia. Yangu ina nyama nyingi.

Nawasalimiaje watu njiani?

Shikamoo kwa waliokuzidi umri, kama kwenu. Ukitaka kuwafurahisha, asubuhi sema "onga maundo", na jua likishapanda "onga mshi". Asante ni "hongea". Matamshi yako yatachekwa, nayo ni sehemu ya salamu. Usipite kimya. Mgeni anayepita mbele ya uwanja wa mtu bila kusalimu atazungumzwa hadi jioni.

Naweza kupiga picha?

Milima piga utakavyo. Watu, omba. Watoto, omba kwa mkubwa wao. Mtu akiwa shambani amechafuka udongo, usidhani kila mmoja anapenda kuonekana hivyo mtandaoni.

Tutakula wapi?

Shamba la Irente, lililo chini ya kanisa la Kilutheri, liko karibu na njia na linajulikana kwa jibini, mkate wa rai (nafaka ya Ulaya, jamii ya ngano) na jemu wanazotengeneza wenyewe. Chakula cha mchana cha pale ni cha namna hiyo: mkate, jibini, siagi, matunda, juisi. Agizeni siku moja kabla au asubuhi na mapema. Niwe mkweli, mkate wa rai ni mweusi, mzito, na wageni wa Tanga waliozoea mkate wa mofa wana maoni yao. Anayetaka wali maharage angoje turudi mjini.

Choo na swala je?

Vyoo vipo shambani na pale ukingoni. Katikati ya njia mwongozaji atawaombea kwa wenyeji. Misikiti haikosekani njiani. Ijumaa tunapanga mtoke mapema mrudi kabla ya swala, au waseme wanaume mapema tusimame njiani.

## Afya na usalama

Nina presha, pumu, au ni mjamzito. Niende?

Muulize daktari wako kwanza, siyo sisi. Urefu wenyewe si tatizo: ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500, na hapa hatufiki huko. Kinachochosha ni vilima. Mwenye pumu abebe dawa mfukoni, si kwenye begi la mwenzake. Mwambie mwongozaji kabla ya kuanza. Kuna wanaoficha kwa aibu, na tunakuja kujua wakiwa wameshika mti. Gari linafika karibu na ukingo, kwa hiyo wanaweza kutembea nusu na kukutana na wenzao.

Watoto wanaruhusiwa?

Ndiyo. Wa miaka saba na kuendelea huwa wanatembea wenyewe. Wadogo zaidi, mpange nani atabeba na lini mtapokezana. Pale ukingoni mtoto anashikwa mkono wakati wote, na anayemshika asiwe anajipiga selfi.

Je, ukingo ni salama?

Ni salama kwa anayekaa nyuma ya mstari anaoonyeshwa na mwongozaji. Usitegemee uzio. Upepo husukuma ghafla, na jiwe likiwa na umande linateleza. Hatutakupiga picha ukining'iniza miguu, na ukibishana tutageuza safari. Ukiogopa urefu sema, ni kawaida kabisa. Nyuma kidogo kuna mahali pa kukaa unapoiona nyika bila kuliona shimo.

## Maswali ya mara moja moja

Tukikuta ukungu je?

Hutokea, hasa Juni hadi Agosti na nyakati za mvua. Unafika ukingoni unakuta pamba tupu, unasikia honi ya basi kutoka chini na huoni kitu. Mara nyingi hufunguka kwenye saa nne au tano, kwa hiyo tunawapeleka shambani kwanza kula, kisha turudi ukingoni. Usipofunguka, hakuna wa kumrudishia mgeni pesa, matembezi umeyapata. Ila wengi wetu tutakupeleka tena kesho yake alfajiri kwa punguzo, ukiwa bado upo.

Na mvua ikitunyea njiani?

Tunajibanza barazani kwa mtu hadi ipungue. Radi ikipiga hatukai chini ya mti wala hatuendi ukingoni, tunageuza.

Nimefunga Ramadhani. Naweza?

Wapo wanaotembea, maana ubaridi unasaidia. Shauri letu ni mtoke alasiri, mfike ukingoni jua linapozama, mfuturu pale pale kwa tende na maji, kisha gari liwachukue. Mwongozaji mwenyewe huenda amefunga, basi usimtafunie karanga usoni.

Mimi ni mwanamke, naja peke yangu.

Wanakuja wengi. Andikisha safari ofisini, mwachie mwenyeji wako wa nyumba ya wageni jina la mwongozaji na saa ya kurudi. Waongozaji wanawake ni wachache, lakini wapo. Omba siku moja kabla.

Naweza kurusha droni?

Droni Tanzania zinahitaji kibali cha mamlaka, na kukipata kwa safari ya nusu siku ni kazi. Usije nayo ukitegemea kwamba huku milimani hakuna atakayeona. Huku milimani ndiko kila mtu anaona.

Irente nimeshaiona. Kuna nyingine ya nusu siku?

Msitu wa Magamba, kwa ajili ya miti ya asili na mbega. Huo ni hifadhi chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kiingilio kinalipwa kwa kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo anza mapema. Soni kuna maporomoko ya maji kando ya barabara na kilima cha Kwa Mungu. Upande wa pili wa mkoa kuna Amani, Usambara Mashariki, penye bustani ya mimea waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1902. Huko ndiko uulizie lile ua la zambarau la Usambara lililopelekwa Ujerumani mwaka 1892 na mkuu wa wilaya ya Tanga wa wakati huo, Walter von Saint Paul-Illaire, na leo linauzwa kwenye vyungu vya dirishani duniani kote kwa jina Saintpaulia. Lakini Amani unafika kupitia Muheza, si kutoka Lushoto. Kila wiki kuna mtu anayefika kwetu akidhani ni mtaa wa pili.

Naweza kutoka Tanga mjini na kurudi siku hiyohiyo?

Kwa basi, hapana. Utafika mchana umechoka na utaanza kuhesabu saa za kurudi. Kwa gari lako, mkiondoka saa kumi alfajiri, inawezekana: mnaanza kutembea saa mbili na nusu, saa saba mmerudi mjini, saa nane mko barabarani. Msivuke saa kumi jioni bado mko Lushoto. Mteremko wa Soni hadi Mombo una kona kali, malori ya mboga yanashuka nayo jioni hiyohiyo kuwahi soko la Dar, na si barabara ya kujifunzia gizani. Mkiona mmechelewa, laleni. Vyumba havikosekani, na mablanketi ni mawili mawili.